Kila mtu kasimama: saa zinazofuata baada ya bodaboda kugongana na gari

Sinza, Barabara ya Shekilango, saa kumi na mbili jioni. Gari dogo linasubiri nafasi likate kulia kuingia mtaani. Dereva anaona pengo, anaingiza gari. Katika pengo hilo hilo anakuja bodaboda na abiria mmoja nyuma. Breki zinalia, tairi la mbele linagonga kona ya bampa, pikipiki inalala. Mwendo haukuwa mkubwa. Kijana anaburuzika hatua chache kwenye lami, abiria anadondokea ubavu kando yake, na kabla gurudumu la nyuma halijaacha kuzunguka wote wawili wameshasimama.

Kinachofuata kila mkazi wa Dar es Salaam amewahi kukishuhudia. Kijana anainua pikipiki kwanza, ndipo anajitazama. Anapangusa vumbi kwenye goti la suruali iliyochanika. Dereva anashuka kashika kichwa. "Pole kaka, hujaumia?" "Niko poa, bosi." Bodaboda wa kijiwe cha jirani wanafika, watano, sita, wengine wakija juu, wengine wakituliza. Foleni imeshakuwa ndefu na honi zinapigwa. Mzee mmoja kati ya waliokusanyika anawashauri wayamalize wenyewe kabla trafiki hajatokea. Noti mbili tatu zinatoka kwenye pochi kwa ajili ya indiketa na saiti mira. Abiria, dada aliyekuwa anawahi nyumbani, ameshapanda bodaboda nyingine. Dakika kumi tu, barabara imefunguka, na kilichobaki pale ni vipande vya plastiki nyekundu.

Ajali ya namna hii haiandikwi popote. Magazeti huandika palipokufa watu, na polisi huhesabu kilichofika kituoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na takribani mmoja kati ya kila watano alikuwa kwenye chombo cha magurudumu mawili au matatu. Vifo hivyo vinastahili kila mstari unaoandikwa. Ila nyuma yake kuna ajali ndogo zisizohesabika, ambazo waliogongana waliinuka, wakapeana pole, wakaondoka. Makala haya ni ya hao walioinuka, na hoja yangu juu yao ni moja: tunayamaliza katika dakika ambazo hakuna hata mmoja wetu anayejua ni kitu gani hasa tunakimaliza. Mwili haujasema kitu. Pikipiki haijakaguliwa. Na anayeharakisha kuliko wote kuondoka huwa ndiye mwenye mengi ya kupoteza.

Mwili unaposema baadaye

Aliyetoka kuanguka sekunde chache zilizopita ana adrenalini mwilini. Moyo unakwenda mbio, misuli imejaa damu, maumivu yamefunikwa. Ndiyo maana kijana anaweza kuinua pikipiki ya zaidi ya kilo mia moja kwa mkono ambao kesho yake hautaweza kushika kikombe cha chai. Anaposema yuko poa hadanganyi. Anasema anachokisikia wakati ule, na wakati ule mwili wake unamficha.

Kinachoogopwa zaidi ni kichwa. Mfupa wa fuvu ulio juu kidogo ya sikio ni mwembamba, na kwa ndani yake umepita mshipa wa damu unaolisha utando wa ubongo. Mfupa huo ukipata ufa, mshipa unaweza kuchanika. Damu hukusanyika taratibu kati ya fuvu na utando, na kwa saa kadhaa mgonjwa huweza kuonekana mzima kabisa. Anaongea, anacheka, anataka aende zake, hadi damu ile inapoanza kuubana ubongo. Machi 2009 mwigizaji wa Uingereza, Natasha Richardson, alianguka akiwa anajifunza kuteleza kwenye theluji huko Mont Tremblant, Kanada. Hakuwa amevaa kofia. Aliinuka, akasema hana tatizo, na gari la wagonjwa lililokuwa limeitwa likarudi tupu. Siku mbili baadaye alikufa New York kwa damu ya aina hiyo hiyo. Ni mwanamke aliyekuwa na fedha, jina na uwezo wa kufika hospitali yoyote aliyotaka. Alichokikosa ni zile saa za mwanzo.

Kwa hiyo aliyegonga kichwa, hata kama helmeti ilikuwapo, asilale peke yake usiku wa kwanza. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu vijana wengi wa bodaboda wamepanga chumba kimoja na wanajitegemea. Basi amwambie jirani, au alale kwa mwenzake wa kijiweni, na huyo mwenzake ajue cha kutazama: kichwa kinachouma na kuzidi kuuma, kutapika kwa kurudiarudia, usingizi mzito ambao mtu akiamshwa haamki sawasawa, maneno yanayochanganyika, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, degedege, damu au majimaji kutoka puani au sikioni. Ikitokea mojawapo ya hizo, ni hospitali usiku huo huo, tena yenye kipimo cha CT au inayoweza kumpeleka haraka kwenye nayo. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, hutibu mifupa pamoja na ubongo na mishipa ya fahamu, na wodi zake zinawafahamu vizuri majeruhi wa pikipiki.

Tumbo nalo lina mambo yake. Pikipiki inaposimama ghafla, dereva huendelea kwenda mbele, na ncha ya hendeli humpiga chini ya mbavu. Upande wa kushoto pale ndipo lilipo bandama. Linaweza kupasuka hapo hapo, au likavuja kidogo kidogo chini ya ngozi yake na kupasuka siku kadhaa baadaye, mtu akiwa ameshasahau. Katika nchi zenye malaria hatari huwa kubwa zaidi, maana bandama lililovimba kwa malaria hupasuka kwa pigo dogo. Dalili yake moja huwapotosha wengi: maumivu kwenye bega la kushoto, bega ambalo halikugusa chini kabisa. Mtu hulichua bega wakati damu inamwagika tumboni.

Na kuna kifundo cha mkono. Karibu kila anayeanguka huipokea ardhi kwa kiganja. Mfupa mdogo ulio chini ya kidole gumba, unaoitwa skafoidi, huvunjika kwa namna hiyo, na picha ya eksirei ya siku ya kwanza inaweza isiuonyeshe ufa. Daktari mwangalifu humfunga mgonjwa na kumwambia arudi baada ya siku kumi au wiki mbili apigwe picha nyingine. Mfupa huo hupata damu kwa shida, na ukiachwa bila kufungwa huweza usiunge kabisa. Kwa mtu anayekula kwa klachi na breki, mkono huo ndio ajira yake.

Hapa niseme wazi jambo linalonisumbua. Nyumbani kwetu majeraha ya kuanguka hutibiwa kwa kukandwa na maji ya moto na kuchuliwa. Wanaofanya hivyo wanafanya kwa upendo, na kwa misuli iliyokaza baada ya siku kadhaa joto linasaidia kweli. Lakini mara baada ya kuanguka, joto na kuchua huongeza uvimbe, na tumbo lililopigwa halichuliwi hata siku moja. Vivyo hivyo vidonge vya duka la dawa. Diklofenaki inatuliza mgongo, ila kwa aliyegonga kichwa si dawa ya kukimbilia, kwa kuwa dawa za kundi lake hupunguza uwezo wa damu kuganda. Parasetamo ni salama zaidi hadi daktari aseme vingine. Mchubuko wa lami nao usafishwe kwa maji mengi na sabuni hadi mchanga wote utoke, na mtu aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Nani kamgonga nani

Pale barabarani kosa huamuliwa kwa sauti. Wakiwa wengi bodaboda, mwenye gari ndiye mkosaji. Gari likiwa la mheshimiwa, kijana ndiye mkosaji. Ukweli wa namna ajali hizi zinavyotokea umechunguzwa zamani. Mwaka 1981 mtafiti Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California alitoa ripoti baada ya timu yake kufika kwenye eneo la tukio katika ajali 900 za pikipiki mjini Los Angeles. Karibu robo tatu zilihusisha chombo kingine, mara nyingi gari dogo. Katika ajali hizo za vyombo viwili, theluthi mbili zilitokea kwa sababu dereva wa gari alimnyima mwenye pikipiki haki yake ya njia, na mazingira yaliyojirudia zaidi ni gari kukata kona mbele ya pikipiki inayokuja moja kwa moja. Kule wanaendesha upande wa kulia, hivyo hukata kushoto. Kwetu ni ile kona ya kulia ya Shekilango.

Madereva wengi wa namna hiyo husema hawakuiona pikipiki, na mara nyingi wanasema kweli. Nguzo iliyo pembeni ya kioo cha mbele inatosha kuficha pikipiki nzima pamoja na abiria. Tena jicho hukisia kasi ya kitu kinachokuja kwa jinsi kinavyozidi kuonekana kikubwa. Lori huonekana likikua tangu mbali. Pikipiki ni nyembamba, haikui machoni mpaka iwe imeshafika, na dereva anayepima pengo kwa nukta moja huliona refu kuliko lilivyo. Taa ya mbele ikiwashwa mchana husaidia, na pikipiki nyingi mpya hutoka kiwandani taa ikiwaka muda wote.

Hayo hayamtakasi bodaboda. Los Angeles ya miaka ya sabini haikuwa na vijana wanaopita kushoto kwa gari lililowasha indiketa ya kushoto, wala wanaoingia njia ya mwendokasi au kupakia mshikaki wa watu watatu. Kila anayetumia barabara za Dar es Salaam ameyaona hayo. Ninachokataa ni desturi ya kuligawa kosa kabla mtu yeyote hajatazama alama za tairi, vioo vilipoangukia na magari yaliposimama. Mwenye simu anaweza kupiga picha za vitu hivyo kwa dakika moja, kabla ya kusogeza chochote. Picha hizo haziwezi kupigwa kesho.

Hesabu

Kwa nini kijana anaharakisha? Anayemlaumu kwa uzembe haijui kazi yake. Wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Kila siku wanapeleka hesabu kwa mwenye chombo, mara nyingi shilingi elfu saba hadi kumi, na wale wa mkataba hupeleka zaidi kidogo kwa mwaka au zaidi mpaka pikipiki iwe yao. Hesabu haijui kuanguka. Pikipiki ikipelekwa kituoni kusubiri mkaguzi wa magari, italala huko siku moja, pengine tatu, pengine wiki, na deni linaendelea. Akienda hospitali akakaa kwenye foleni hadi saa nne usiku, amepoteza jioni, na jioni ndiyo saa ya abiria. Kijana yule alipoinua pikipiki kabla ya kujitazama alikuwa anatazama deni lake.

Mwenye gari naye ana haraka zake. Anaogopa kuzungukwa, anaogopa kituo, anajua bima kubwa itampotezea wiki mbili kwa bampa ambalo fundi wa gereji atalinyoosha na kulipiga rangi kwa siku mbili. Kwa hiyo jioni ile kumalizana kunamfaa kila mmoja. Sioni ubaya watu wakisameheana indiketa. Plastiki na rangi ni mali, na mali inasameheka. Tatizo ni kwamba katika sentensi hiyo hiyo wanamalizana na kichwa, bandama na kifundo cha mkono.

Na hapa naona mzigo haujagawanywa sawa. Mwenye gari ndiye mwenye nafasi kubwa ya kufanya jambo la maana, na jambo hilo si kuongeza noti. Amchukue kijana na abiria wake, awapeleke kituo cha afya, asubiri waonwe. Saa mbili zake hazimwangushi kama zinavyomwangusha yule mwingine. Mwenye pikipiki, yule aliyekaa nyumbani akisubiri hesabu, anaweza kuisamehe siku moja na kusema, "Nenda kapimwe kwanza, chombo tutakiangalia." Sentensi hiyo ingetoka kwa matajiri wa bodaboda mara kwa mara, vijana wengi wangekaa kwenye foleni ya daktari bila kutazama saa.

Karatasi

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame, asaidie, atoe jina na anwani yake, na pakiwa na aliyeumia, polisi wajulishwe. Namba ya dharura ni 112. Fomu namba tatu ya polisi, ile PF3 ambayo kila Mtanzania anaijua, ndiyo inayounganisha kituo na hospitali: daktari huandika humo alichokikuta mwilini, na maandishi hayo ndiyo ushahidi wa kwamba jeraha lilitokana na ajali ile. Mwenye hali mbaya apelekwe hospitali moja kwa moja, fomu ifuate. Lakini anayejiona mzima naye aichukue, maana maumivu yakija siku ya nne hakuna karatasi itakayoyafunga na Shekilango.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa kila chombo cha moto, na kazi yake hasa ni kumlipa aliyeumizwa na chombo hicho. Kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, mtu anaweza kuingiza namba ya gari kwenye simu akaona kama bima ipo hai. Kampuni itataka taarifa ya polisi. Bila hiyo, dai huishia mapokezi. Na pale panapoandikwa karatasi ya kumalizana, kijana akasaini kwamba hana madai tena, amejifungia mlango kwa gharama ya saiti mira. Wakitaka kuandikiana, waandike kilichoharibika na kilicholipwa, na waache afya nje ya karatasi hiyo. Mwenye pikipiki naye atazame bima yake ni ya aina gani: chombo kilichokatiwa bima ya matumizi binafsi, halafu kikabeba abiria wa kulipa, kinaipa kampuni sababu ya kukataa.

Helmeti iliyokwisha

Utafiti uliokusanya tafiti nyingi na kutolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Namna inavyofanya kazi wengi hawaijui. Ganda la nje hutawanya pigo, na chini yake kuna povu gumu linalobonyea ili ubongo usimame taratibu badala ya ghafla. Povu hilo likibonyea halirudi. Helmeti iliyogonga lami mara moja imefanya kazi yake na imekwisha, hata kama nje haina mkwaruzo. Kijana hawezi kuliona hilo kwa macho, na kununua nyingine siku ambayo ametoka kulipia rimu ni mtihani. Bado, hicho ndicho kifaa cha kwanza kununuliwa, kabla ya indiketa. Fedha ya mwenye gari ianze hapo.

Pikipiki yenyewe ipelekwe kwa fundi kabla ya kurudi barabarani. Bomba za mbele zilizopinda nywele moja haziwezi kuonekana jioni, ila zinaivuta pikipiki upande mmoja kwenye breki ya ghafla. Fundi aangalie rimu kama inazunguka sawa, usukani kama unarudi katikati bila kukwama, na kono la breki kama halijapata ufa.

Aliyeondoka wa kwanza

Nimemwacha mwisho abiria kwa sababu hata pale barabarani huachwa. Yeye hakuendesha, hakukata kona, hakuchelewa kukanyaga breki. Kisheria ana haki safi kuliko wote, kwa kuwa ni mtu wa tatu kwa gari na ni abiria wa kulipa kwa pikipiki. Kimwili naye ndiye aliyekuwa wazi zaidi. Mara nyingi helmeti iliyokuwa yake ilikuwa inaning'inia kwenye mkono wa dereva, hakuwa na hendeli ya kushika, na pikipiki ilipolala mguu wake ndio uliokutana na bomba la moshi. Kovu la namna hiyo wanalo wanawake wengi mjini hapa, kwenye shavu la mguu.

Aliyeitwa kwa programu ya simu ana kumbukumbu ya safari: jina, namba, saa na mahali. Aliyemsimamisha bodaboda kwa mkono hana chochote. Kabla hajaondoka asome kibao cha pikipiki, kile kinachoanza na MC, apige picha cha gari pia, na wote watatu wapeane namba za simu. Hilo halihitaji trafiki wala mzee wa kupatanisha. Asipofanya hivyo, ataingia nyumbani akiwa na mchubuko kwenye kiwiko, atasema amechoka, atalala mapema. Akiamka saa nane usiku kichwa kinapasuka na anatapika, waliomo nyumbani hawatajua kwamba alianguka, na daktari wa zamu ataanza kwa kumpima malaria.